Simu ya Saa Nane

Pikapu ya ushirika ilisimama mbele ya tawi la Muthetheni, injini ikinguruma. Nyuma yake Mbithe alikuwa amelazwa juu ya godoro, mguu wa kushoto umefungwa bandeji na juu ya bandeji leso, ili watu wa soko wasione. Lakini harufu haifungwi kwa leso. Wanawake waliokuja kumsalimu walisogea karibu kwa heshima, kisha wakarudi nyuma hatua kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya ameitwa na mtu.

"Nzuki! Tunachelewa!" aliita Nthenya, mkewe, aliyekuwa ameketi kando ya mama mkwe, Mbithe, ambaye watoto walimwita mwaitu kwa Kikamba, akimpepea.

"Naja, dakika moja tu!"

Ndani ya ofisi Nzuki alikuwa ameinama mbele ya kompyuta. Wanza, dada yake na karani wa tawi hilo, alisimama nyuma yake. Baba yao, mzee Muthoka, alikuwa mlangoni ameegemea mkongojo wake wa mti wa mukau, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba mkopo.

Juu ya rafu, karibu na simu, palikuwa na kisanduku cha kijivu kisichozidi Biblia ya kanisani kwa ukubwa. Hiyo ndiyo ruta. Nzuki alikuwa ameifunga mwanzoni mwa mwaka, na ilimtesa. Kabla yake Wanza alibeba makaratasi ya wanachama hadi Machakos kila Ijumaa. Sasa kisanduku kilikuwa kikipata ujumbe wa kupeleka, kinapiga simu chenyewe makao makuu, kinaongea na mwenzake wa huko, kisha kinakata. Ushirika wa Wendo haukuwa na uwezo wa kukodi laini ya usiku na mchana. Kwa hiyo Nzuki alikaa siku nyingi akiandika amri: hili ni neno la kupigia simu, hili si neno. Mwanzoni mashine ilikataa kupiga kabisa. Halafu ikawa inapiga kwa kila upuuzi. Mwishowe ilitulia. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba ameifundisha adabu ya maskini: kama huna la kusema usipige, na ukishasema kata.

"Sikiliza," alimwambia Wanza. "Barua pepe ulikuwa unaziangalia asubuhi na jioni, si ndiyo? Sasa nimeiambia kompyuta iulize yenyewe, kila dakika. Nikikuandikia habari za mwaitu kutoka Machakos, utaziona papo hapo. Usibonyeze kitu."

"Kila dakika? Haitachoka?"

"Inachoka kitu gani, wewe? Ni mashine."

"Na nikiinua simu nikute zile kelele?"

"Weka chini polepole. Ni kompyuta zinaongea. Ukizikatiza zinaanza upya."

Mzee Muthoka alikohoa. "Na mimi nikitaka kumsikia mama yako?"

"Tutakupigia, nau. Simu si ni ile ile?"

Alisema hivyo huku akivaa koti, na hakuyasikia maneno yake mwenyewe. Akili yake ilikuwa nje kwenye pikapu.

Simu ile ilikuwa ya ushirika kwa jina tu. Soko lote la Muthetheni halikuwa na nyingine ya kutegemewa, na chini ya dirisha la ofisi palikuwa na benchi. Aliye na mtoto Nairobi au mume Mombasa alipatana naye saa, na saa hiyo ikifika akaja kuketi. Simu ikilia bila mwenyewe kuwapo, yeyote aliye karibu alitoka sokoni kumtafuta huku akiita. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwa ustaarabu tu, kama kumpisha mwenye mzigo.

Muthoka alitoka, akaushika ukingo wa pikapu. Hangeweza kusafiri, nyonga yake mbovu ingemlaza juma zima, na nyumbani palikuwa na ng'ombe karibu kuzaa.

"Mama Nzuki," alisema.

"Ee."

"Uende vizuri."

"Umwangalie yule ng'ombe. Akizaa usilale."

Hayo ndiyo waliyoambiana. Pikapu ikaondoka.

*

Daktari wa hospitali ya Machakos alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya usingizi, mpole. Jumanne alasiri aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha Mbithe, jambo ambalo madaktari wengi hawalifanyi, akamweleza bila kuzungusha. Sukari imekula mguu. Nyama imekufa hadi juu ya kifundo. Ukikatwa chini ya goti, mama ataishi. Ukiachwa, sumu itaingia kwenye damu.

Mbithe alimsikiliza hadi mwisho. "Asante, daktari. Siwezi kukubali."

"Mwaitu!" alisema Nzuki.

"Nyamaza. Mimi nilikwenda kwa Muthoka na miguu miwili. Siwezi kumrudia na mmoja bila yeye kujua."

"Nitamwambia mimi. Mimi ni mwanao."

"Wewe ni mtoto. Utamwambia nini? Ati tumempunguza?" Alivuta shuka juu ya mguu. "Nataka anisikie, nami nimsikie. Nikimsikia nitajua kama anasema kwa mdomo au kwa roho. Akisema sawa, hata leo wanikate."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuza vichwa wote. Nthenya aliinama akajifanya anapanga vikombe.

"Mama ana haki," daktari alisema. Alimvuta Nzuki kando. "Lakini kidonda hakijui haki. Nimemweka kwa orodha ya Alhamisi asubuhi. Nipatieni jibu kesho kabla ya jioni. Baada ya hapo sitakuahidi kitu."

Nzuki alikimbia ofisini kwake, makao makuu ya ushirika, akafungua kompyuta, akaandika: *Wanza, mwambie baba awe kwenye simu kesho Jumatano saa nane mchana. Asikose. Mwaitu anataka kuongea naye juu ya mguu. Madaktari wanataka kuukata na hataki mpaka amsikie.*

Alikaa akingoja. Jibu lilirudi kabla hajamaliza kujinyoosha. Alicheka peke yake kwa furaha, jinsi mtu anavyocheka mtego alioutega mwenyewe ukinasa. Wanza aliandika: *Nimemtuma mtu nyumbani. Baba atakuja. Saa nane kamili atakuwa hapa. Tumwombee mwaitu.* Chini yake palikuwa na mstari mwingine: *Halafu watu wanalalamika eti wakitupigia simu siku mbili hizi hawatupati, na mimi niko hapa tu.*

Macho ya Nzuki yaliupitia mstari huo. Nguzo za simu za upande ule zilikuwa zikianguka kila mvua ikinyesha. Alidhani ni hizo. Lililomjaa kichwani lilikuwa *baba atakuja*.

Alipoinua kichwa, meneja alikuwa mlangoni. Bwana Kilonzo alikuwa mtu wa suti moja iliyopigwa pasi vizuri sana.

"Nzuki, pole na mama. Kesho uko Matuu."

"Kesho, bwana meneja? Nilikuwa nataka kuomba—"

"Wanachama wa Matuu wameahidiwa mashine mara tatu. Mwenyekiti ananipigia mimi, hakupigii wewe."

"Mama yangu anakatwa mguu Alhamisi."

"Alhamisi. Mimi nasema Jumatano." Alilainisha sauti. "Mama yako ana watu. Ana bibi yako pale. Matuu haina mtu."

Nzuki alitazama viatu vyake. Alikuwa bado kwa kandarasi, na kandarasi hiyo ilikuwa ikikaribia kwisha. "Sawa, bwana meneja," alisema.

*

Mashine ya Matuu ilikuwa na kiburi. Ilipiga simu, ikajibiwa na Machakos, zikasalimiana kwa ile sauti yao ya kukwaruza, halafu Machakos ikakata. Nzuki alibadilisha hiki, akabadilisha kile. Wanachama walikuja mmoja mmoja kuchungulia mlangoni. "Kijana, hiyo redio yako haijashika stesheni?" alisema mzee mmoja, na wenzake wakacheka. Naye akacheka nao, jicho kwenye saa.

Saa nane ilipopita kidogo alishindwa kuvumilia. Alitoka hadi kwenye kibanda cha simu kando ya wauza embe, akatia sarafu, akapiga Muthetheni.

Tu, tu, tu, tu.

Laini imeshikwa.

Nzuki alifumba macho, akaegemeza paji la uso kwenye chuma cha kibanda. Wanaongea! Alimwona mama yake kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa simu umegandamizwa sikioni kwa nguvu kama afanyavyo daima, akipiga kelele kana kwamba Muthetheni iko ng'ambo ya bahari. Alimwona baba yake akiitikia "ee, ee". Sarafu zilirudi zikianguka, akaziokota polepole. Hakutaka kupiga tena asije akawasumbua. Waache waongee.

Alirudi kazini mwepesi. Haukupita muda akaona kosa: neno la siri aliloandika upande wa Matuu halikulingana na la Machakos, herufi moja tu. Alilirekebisha. Mashine zikasalimiana, zikaelewana, na taa ya kijani ikatulia. Wazee wakapiga makofi. Mwenyekiti akamnunulia soda.

*

Nthenya alikuwa akimngoja kwenye ukumbi wa wodi, jioni, mikono imefumbatwa.

"Amekubali?" Nzuki aliuliza kabla ya salamu.

"Amekubali nini? Ulituacha na simu gani, Nzuki?"

"Simu gani vipi? Si mmeongea? Nilipiga nikakuta laini imeshikwa."

"Na sisi tuliikuta imeshikwa!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Nesi alinisaidia kumsukuma hadi pale kibandani. Amevaa ile leso yake ya Krismasi, ati anaenda kuongea na bwana yake. Naweka pesa, napiga, tu-tu-tu, pesa inarudi. Mwaitu anasema jaribu tena, huenda kuna mtu anaongea, atamaliza. Najaribu. Pesa inarudi. Watu nyuma yetu wananung'unika, mmoja akasema kama hamna mtu wa kupigia mtupishe. Nikampisha. Nikarudi kwa foleni. Pesa inarudi. Mpaka mwaitu akaanza kutetemeka na jua liko kali, nikamrudisha kitandani, nikakimbia ofisini kwenu."

"Ofisini kwetu?"

"Nikamkuta meneja wako. Nikamwambia, tafadhali, nisaidie nipate Muthetheni. Akapiga kwa simu yake mwenyewe, imeshikwa. Akaniambia hiyo itakuwa Wanza anapiga gumzo, na simu ya kazi si ya familia. Halafu akanionyesha ile mashine yenu. Akasema, mama, tazama hiyo taa. Muthetheni iko hewani tangu asubuhi, haijawahi kufanya kazi vizuri namna hii. Nikamuuliza kama hiyo mashine inaweza kumpelekea Wanza neno. Akasema yeye haigusi, ikiharibika wewe utasema ni yeye."

Nzuki alikuwa ameshika ukuta.

"Taa ilikuwa inawaka tangu asubuhi? Haikuzimika?"

"Si ndiyo nakuambia? Hata sekunde."

Kila dakika. Alijiona ameinama mbele ya kompyuta ya Wanza, pikapu ikinguruma nje, akibonyeza huku akiharakishwa na mapenzi. Ruta ilifundishwa kukata simu ikinyamaza kwa dakika mbili. Naye akaiwekea kitu cha kuuliza kila dakika moja: *Kuna habari za mwaitu? Kuna habari za mwaitu?* Na kila swali lilikuwa neno la kupigia simu, kwa sababu yeye mwenyewe aliandika hivyo. Haikupata nafasi ya kunyamaza. Ikaishika laini pekee ya Muthetheni tangu Wanza afungue ofisi mpaka afunge.

Aliingia wodini. Mbithe alikuwa amegeukia ukuta, bado na leso ya Krismasi.

"Mwaitu."

"Umerudi? Umekula?" Alisema bila kugeuka. Sauti ilikuwa nzito, kama yenye joto. "Usimkasirikie baba yako. Labda ng'ombe amezaa. Muthoka hawezi kuacha ng'ombe akizaa."

"Mwaitu, si baba. Ni mashine. Ni mimi."

"Atapiga kesho," Mbithe alisema. "Mtanipeleka tena kesho saa nane."

"Kesho asubuhi ni—"

"Saa nane," alirudia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, na akafumba macho.

*

Ofisini askari alimfungulia. Nzuki aliwasha kompyuta yake bila kukaa.

Ujumbe wa Wanza ulikuwa umejipanga mle ndani. *Baba amefika. Amekuja na kitu amekichonga, anakipiga msasa hapa kwenye benchi, ofisi yote imejaa unga wa mti.* Halafu: *Baba anauliza kama saa ya huko ni sawa na ya hapa.* Halafu: *Mbona hampigi? Nikiinua nakuta kelele zako tu, nimeweka chini polepole kama ulivyosema.*

Wa mwisho ulikuwa mrefu. *Baba amesema niandike maneno yake kama yalivyo. Anasema: mwambieni mama Nzuki akubali. Waukate, aje vile vile. Nimemchongea mkongojo wa mukau kama wangu. Watu walizoea kuniona mimi nikichechemea, sasa tutachechemea wawili. Hayo ndiyo maneno. Amekwenda kwa sababu ya ng'ombe, lakini kwanza alikataa kuondoka mpaka anione nimeyatuma.*

Ulikuwa umeingia saa tisa. Saa tisa Nthenya alikuwa amesimama katika jengo hili hili, upande wa pili wa ukuta huu, akionyeshwa taa.

Nzuki aliyanakili maneno hayo kwa kalamu nyuma ya bahasha, akakimbia. Geti la hospitali lilikuwa limefungwa.

"Saa za kuona wagonjwa zimeisha," alisema mlinzi.

"Mzee, niko na ujumbe wa mama yangu. Ni neno moja."

"Kila mtu hapa ako na mama. Rudi asubuhi."

"Basi mpelekee wewe. Hii hapa."

"Mimi ni mlinzi, si mtu wa posta." Lakini alipouona uso wa kijana aliongeza, "Pole, bwana. Wakinipata nimeacha geti, kesho mimi ndiye nitakuwa hapo nje. Asubuhi ukikuja mapema nitakuingiza wa kwanza."

Na kweli alimwingiza wa kwanza.

Mbithe alikuwa akiungua. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu. Daktari yule msichana alikuwa hapo, na safari hii hakuketi kitandani.

"Homa ilipanda usiku," alisema. "Sumu imefika kwenye damu. Nikimpa dawa ya usingizi sasa hataamka. Tunampa dawa kali, tungoje."

"Amekubali," Nzuki alisema, akitoa bahasha. "Baba amesema akubali. Niko nayo hapa."

Daktari aliipokea bahasha ile, akaisoma yote, akamrudishia.

Nzuki alipiga magoti sakafuni, akaweka mdomo kwenye sikio la mama yake. "Mwaitu, baba amesema ukubali. Amekuchongea mkongojo. Amesema mtachechemea wawili." Alirudia. Alijaribu hata kuisema kwa sauti ya baba yake, nzito na ya polepole, na ikamtoka vibaya, ikavunjika. Kidole cha Mbithe kilisogea kwenye shuka. Nthenya alisema amesikia. Nzuki hakujua. Miaka yote iliyofuata hakujua.

Alifariki siku hiyo hiyo mchana. Nthenya alipofungua pindo la leso yake kutafuta kitambaa, zilianguka sarafu za simu. Hakuna hata moja iliyotumika.

*

Walimzika kwenye shamba lake la maharagwe. Bwana Kilonzo alikuja na wafanyakazi wenzake kwa pikapu ile ile. Alisema maneno mazuri, akashika mikono ya watu wote, kisha akamvuta Nzuki kando ya boma la ng'ombe.

"Pole sana, kijana. Mama ni mama." Akarekebisha koti la suti. "Sasa, si leo, lakini ukirudi utanieleza habari ya laini ya Muthetheni. Posta wananiambia ilikuwa wazi siku nzima, siku tatu mfululizo. Ushirika hauwezi kulipa mazungumzo ya namna hiyo. Ni wanachama hawa hawa watalipa."

"Nitaeleza," alisema Nzuki.

Juma moja baadaye, tawi lilipofunguliwa tena baada ya msiba, alishuka Muthetheni na mkoba wake wa kazi. Nthenya alitaka kuja naye. "Mzee anadhani ni nguzo zilianguka," alimwambia. "Mwache adhani hivyo. Utamwongezea nini?"

Nzuki alimwacha nyumbani. Alijua angeweza kunyamaza. Mzee asingeuliza, na hakuna mtu Muthetheni ambaye angejua tofauti ya nguzo na kisanduku.

Aliketi mbele ya kompyuta ya Wanza, akaondoa ile amri ya kila dakika. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, na hilo lilimuuma kuliko yote. Kisha akaifungua ruta na kuandika amri zake upya. Mashine ingepiga Machakos alfajiri kabla ya soko kuchangamka, na tena ofisi ikishafungwa. Mchana ingekaa kimya hata ikiwa na la kusema. Aliinua simu. Ilikuwa safi, ule mlio mmoja mrefu usiokwaruza. Akaishikilia sikioni muda mrefu kupita haja.

"Bwana Kilonzo atakubali habari zimfikie jioni?" aliuliza Wanza.

"Asipokubali anitoe. Mchana ni wa watu."

Hapo ndipo waliposikia mti ukigonga saruji. Mzee Muthoka aliingia akaketi kwenye benchi. Hakuja na mkongojo wake. Alikuwa na ule mpya wa mukau, mweupe bado, uliopigwa msasa hadi ukang'aa, na ulikuwa mfupi kwake, kwa sababu haukupimwa kwa mwili wake. Ulimfanya ainame.

"Imepona?" aliuliza, akiitazama rafu.

"Haikuwa mgonjwa, nau." Nzuki aligeuza kiti. Wanza alishika karatasi akaziacha. "Hazikuwa nguzo. Ni mimi. Siku ile ya pikapu niliiambia iulize Machakos kila dakika kama kuna habari za mwaitu. Ndiyo ikaishika laini. Mwaitu alipopiga, akakuta imeshikwa na swali langu."

Nje mtu alikuwa akipiga msumari kwenye kiatu, tak, tak, akaacha.

"Zile kelele Wanza alizoziweka chini," alisema mwishowe. "Zilikuwa ni hizo?"

"Ni hizo."

"Nilizisikia. Nilikuwa nimekaa hapa hapa napiga msasa. Nilimwambia Wanza, ndugu yako ameweka kitu kinafanya kazi kuliko mimi, hakipumziki." Alipitisha kiganja juu ya mkongojo. "Na muda wote huo kilikuwa kinamuuliza yeye?"

"Yeye tu, nau."

"Basi tulikuwa wawili hapa," alisema Muthoka, "tunamuulizia."

Nzuki alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa laana. Kwa hili hakujiandaa. Mzee alimwacha alie. Hakumsogelea, wala hakumwambia nyamaza.

"Alisema nini? Aliponikosa?"

"Alisema tusikukasirikie. Labda ng'ombe amezaa."

Muthoka alitoa sauti fupi iliyoanza kama kicheko. "Alizaa," alisema. "Siku ya pili yake. Ndama jike, ana doa hapa kwa paji. Ningemwambia." Akatikisa kichwa. "Ningemwambia."

Simu ililia.

Wote watatu waliitazama kama kitu kilichoingia kupitia dirishani. Wanza alikuwa wa kwanza kuamka. "Haloo? Ushirika wa Wendo, Muthetheni… Ee… Aiya, pole, tulikuwa tumefunga kwa msiba… Titus? Titus fundi viatu?" Alifunika simu kwa kiganja. "Ni binti ya Titus, yuko Nairobi. Anasema amepiga wiki yote."

Nzuki alisimama ili atoke kumwita. Lakini mzee alikuwa ameshanyanyuka. Aliuweka mkongojo mfupi chini ya kwapa, akainama mpaka ukamfaa, akavuka kizingiti kuelekea kwenye jua.

"Titus!" aliita. "Titus! Simu!"

Kisha akageuka kidogo, akamtazama binti yake aliyeshika ile simu.

"Mwambie asikate," alisema. "Mwambie mtu anakuja."